Kompyuta imesema baba asiwekewe stenti: tuiamini?

Swali: Assalaam alaikum daktari. Baba yangu ana miaka 68, kwao Tanga, anaishi nami hapa Leicester, Uingereza. Tangu mwaka jana akipanda ngazi kifua kinambana, akipumzika kinaachia. Hospitali walimpiga CT ya moyo, wakasema mshipa wa mbele umebana kwa asilimia 60 hivi. Tukajua atazibuliwa. Badala yake ikaja barua: picha zimepelekwa kwenye kampuni Marekani, kompyuta imekokotoa, jibu ni 0.83, kwa hiyo haitawekwa stenti (kile kijibomba cha wavu cha kuuweka mshipa wazi), aendelee na dawa. Mzee amekasirika, anasema amekataliwa na mashine. Kaka yangu anasema huo ni ujanja wa kubana matumizi. Je, tuiamini hesabu hiyo? Na kwa nini wasitengeneze moyo wake mzima ndani ya kompyuta, kama tunavyosikia wanafanya Marekani? Mzee anataka kwenda Tanga akae miezi mitatu.

Jibu: Waalaikum salaam dada yangu, na nifikishie shikamoo kwa mzee. Mwambie kwanza kwamba hakukataliwa. Angekuwa amelala kitandani, waya umeshapita mkononi na kufika kwenye mshipa wa moyo, ukapima pale ukaonyesha 0.83, daktari makini angeutoa waya na kumrudisha nyumbani bila stenti. Uamuzi ungekuwa uleule. Tofauti ni kwamba safari hii namba ilitoka kwenye hesabu, haikutoka kwenye waya, na hapo ndipo swali lako lina uzito.

Namba yenyewe ni uwiano wa presha. Madaktari wanaiita FFR. Unachukua presha ya damu baada ya sehemu iliyobana, unaigawa kwa presha ya damu kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, wakati damu inapita kwa wingi kuliko wakati wowote, kama mtu anavyokuwa anapopanda ngazi. Mshipa mzima kabisa ungetoa 1.00. Baba ana 0.83, maana yake damu inayofika mbele ya ile sehemu imebaki na asilimia 83 ya presha iliyoanza nayo. Mstari wa kukatia ni 0.80. Ikiwa 0.80 au chini, kuzibua kunaweza kumsaidia mgonjwa. Ikiwa juu yake, stenti haitamwongezea kitu cha maana.

Fikiria nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa. Usiku, watu wamelala, maji yanatoka vizuri hata kama bomba limeliwa na kutu mahali fulani. Asubuhi kila nyumba inafungua bomba kwa pamoja, na ndipo unapojua kama ile kutu ni tatizo au siyo. Moyo wa mzee ukiwa umetulia ni usiku. Akipanda ngazi ni asubuhi. Ndiyo maana FFR hupimwa, au hukokotolewa, kwa hali ya "asubuhi".

Sasa ile asilimia 60 iliyowapa hofu. Watu wengi hudhani asilimia ya kubana ndiyo kipimo cha ubaya. Siyo, na hili tunalijua kwa takwimu, si kwa maoni. Uholanzi na Ubelgiji, madaktari wa moyo Nico Pijls na Bernard De Bruyne walitumia miaka mingi kuujenga ushahidi wa waya wa presha. Mwaka 2009 utafiti wao ulioitwa FAME ulitoa majibu: wagonjwa 1,005 katika hospitali 20 za Ulaya na Marekani, wote wakiwa na mishipa zaidi ya mmoja iliyobana. Nusu waliwekewa stenti kwa jicho la daktari peke yake, nusu kwa waya. Ndani ya mwaka mmoja, waliofariki, waliopata shambulio la moyo au waliolazimika kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 18.3 upande wa jicho na 13.2 upande wa waya. Na upande wa waya ulitumia stenti chache zaidi, wastani wa 1.9 kwa mgonjwa dhidi ya 2.7.

Walipoichambua mishipa hiyo mmoja mmoja, ikaonekana kwamba kati ya ile ambayo jicho lilisema imebana kati ya asilimia 50 na 70, ni asilimia 35 tu ndiyo waya ulikubali kwamba inazuia damu kweli. Theluthi mbili zilizobaki zilionekana mbaya kwenye picha, lakini damu ilikuwa inapita. Mshipa wa mzee uko hapohapo, kwenye kundi ambalo jicho hukosea mara nyingi kuliko linavyopatia. Hata kwa asilimia 71 hadi 90, mshipa mmoja kati ya mitano haukuwa na kosa.

Sababu ni kwamba ile asilimia inaonyesha sehemu moja imebana kiasi gani ikilinganishwa na jirani yake. Haionyeshi sehemu hiyo ina urefu gani kwa maana ya msuguano, mshipa wenyewe ni mnene kiasi gani, wala unalisha nyama kubwa au ndogo ya moyo. Mshipa unaolisha sehemu kubwa ya ukuta wa mbele ukibana kwa asilimia 60 ni habari nyingine. Kijimshipa cha pembeni kikibana hivyohivyo ni habari tofauti kabisa.

Waya una ubaya wake. Lazima mtu atobolewe mkononi au pajani, apelekwe chumba cha mtambo, adungwe dawa ya adenosini inayofungua mishipa midogo na inayomfanya mgonjwa ahisi kifua kizito kwa dakika chache. Ndipo wakaja watu waliojiuliza: kama tunayo picha nzuri ya CT yenye umbo lote la mishipa, kwa nini tusikokotoe presha badala ya kwenda kuipima? Charles Taylor, mhandisi, na Christopher Zarins, daktari wa upasuaji wa mishipa, wote wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walianzisha kampuni ya HeartFlow mwaka 2007 kwa ajili hiyo. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliwapa kibali Novemba 2014. Kwa maelezo ya barua yako, picha za mzee zimepita njia hii.

Kinachofanyika ni hiki. Programu inafuata ukingo wa kila mshipa kwenye picha, kisha wataalamu waliofunzwa wanakaa mbele ya skrini wanakagua na kusahihisha, kwa sababu chembe ya chokaa kwenye ukuta wa mshipa inang'aa na kuifanya programu idhani mshipa umebana kuliko ulivyo. Wakishakubaliana na umbo, linagawanywa kuwa vipande vidogo mno, mamilioni, na katika kila kipande kompyuta inatatua milinganyo ya Navier na Stokes, kanuni za karne ya 19 zinazoeleza mwendo wa vimiminika. Wahandisi wa ndege na wa mabomba huitumia hiyohiyo. Hapo hakuna uchawi wala kubahatisha.

Kubahatisha, tena kubahatisha kwa akili, kuko kwingine. CT inaona mishipa mikubwa tu. Maelfu ya mishipa midogo ndani ya nyama ya moyo haionekani, na hiyo ndiyo inayoamua damu ipite kiasi gani. Kwa hiyo kompyuta inakadiria. Inapima uzito wa nyama ya moyo kwenye picha, na kutoka hapo inakisia damu kiasi gani inahitajika moyo ukiwa umetulia. Inaangalia unene wa kila tawi na kukisia ukinzani wa mishipa midogo iliyo mbele yake. Mwisho inachukulia kwamba mishipa hiyo midogo ingefunguka kwa adenosini kama inavyofunguka kwa watu wa kawaida. Mstari huu wa mwisho ndio ninaouangalia kwa jicho la pili kila ninapopokea ripoti ya mtu mwenye kisukari cha miaka mingi, presha iliyonenepesha moyo, au kovu la shambulio la zamani. Mishipa yake midogo huenda haifunguki kama modeli inavyodhani. Hukusema kama mzee ana kisukari. Kama anacho, hiyo ni sababu ya kuuliza zaidi, si sababu ya kuitupa ripoti.

Inaaminika kiasi gani basi? Nitakupa na sehemu isiyopendeza. Mwaka 2012 utafiti wa DeFACTO ulilinganisha hesabu hizi na waya kwa wagonjwa 252. Usahihi ulikuwa asilimia 73, na utafiti haukufikia lengo ambalo wenyewe walikuwa wamejiwekea kabla ya kuanza. Wengine wangelificha jambo hilo. Wao walilichapisha, kisha wakarudi kwenye chanzo, yaani picha. Kwenye utafiti uliofuata, NXT wa mwaka 2014, wenye wagonjwa 254, mkazo uliwekwa kwenye ubora wa CT yenyewe: mapigo ya moyo yapunguzwe kwanza kwa dawa, mgonjwa apewe nitrogliserini chini ya ulimi ili mishipa ifunguke ipasavyo kabla ya kupigwa picha. Safari hiyo hesabu ilikubaliana na waya kwa asilimia 81 ya wagonjwa, wakati CT peke yake, kwa jicho, ilikuwa asilimia 53. Pale palipokosekana hesabu bora, tatizo mara nyingi lilikuwa picha mbaya. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumuuliza daktari wa mzee: picha zilikuwa safi? Alitulia? Mapigo yalikuwa chini ya 60 au karibu na hapo? Kulikuwa na chokaa nyingi mahali palipobana?

La pili ni namba ilipoangukia. Usahihi haufanani kwa namba zote. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti tano, mishipa 908, wakagawa majibu kwa makundi. Kompyuta ikisema zaidi ya 0.90, ilikuwa sahihi kwa asilimia 97.9. Ikisema kati ya 0.80 na 0.90, asilimia 87.3. Lakini ikisema kati ya 0.70 na 0.80, usahihi ulishuka hadi asilimia 46.1, yaani heri urushe sarafu. Hilo ndilo eneo la utata, na mgonjwa wa 0.76 anastahili kipimo kingine kabla ya kuamua lolote. Mzee ana 0.83. Yuko upande wenye nafuu, ingawa si mbali na mpaka. Mimi ningeipokea namba hiyo, ningemwanzishia dawa kwa nguvu, na ningemwona tena baada ya wiki sita mpaka nane. Kifua kikiendelea kumbana licha ya dawa, ningeomba kipimo kingine, waya wenyewe au kipimo cha damu inavyoingia kwenye nyama ya moyo.

La tatu watu wengi hawalijui, hata baadhi ya wenzetu: 0.83 ilisomwa wapi kwenye mshipa? Ripoti inakuja na picha ya mti wa mishipa yenye rangi, na kila nukta ina namba yake. Presha hushuka kidogo kidogo kadiri mshipa unavyokwenda mbali na kuwa mwembamba, hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Ukisoma ncha kabisa unaweza kukuta 0.78 kwa mtu ambaye hana pa kuzibua. Namba ya kuamulia husomwa sentimita moja au mbili tu mbele ya sehemu iliyobana. Mkienda kliniki ombeni daktari awafungulie picha hiyo na aweke kidole hapo. Inachukua dakika mbili, na nimeona wazee wengi wakitulia baada ya kuuona mshipa wao wenyewe na rangi zake, kuliko baada ya barua tatu za maelezo.

Turudi kwa kaka yako na gharama. Hajakosea kabisa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayoshauri hospitali za serikali zitumie matibabu gani, ilipoipendekeza teknolojia hii Februari 2017, fedha zilikuwa sehemu ya hoja: watu wachache watapelekwa bila sababu kwenye angiogramu (picha ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa kupitisha mrija na dawa mkononi au pajani), hivyo hospitali itaokoa fedha. Mantiki ilikuwa na msingi. Utafiti wa PLATFORM wa 2015 ulionyesha kwamba kati ya waliopelekwa moja kwa moja kwenye angiogramu kwa utaratibu wa zamani, asilimia 73 walikutwa hawana mshipa uliobana vya kutosha. Waliotangulizwa CT na hesabu, idadi hiyo ilishuka hadi 12, na asilimia 61 ya waliokuwa wamepangiwa angiogramu walifutiwa. Lakini Uingereza yenyewe ilipojaribu kwa wagonjwa 1,400, katika utafiti wa FORECAST uliochapishwa 2021, angiogramu zilipungua kwa asilimia 22 na fedha hazikuokoka kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo mwambie kaka: kama lengo lilikuwa kubana matumizi, halikufanikiwa sana. Walioepushwa kitu ni wagonjwa, na walichoepushwa ni kutobolewa bila sababu. Angiogramu ni salama kwa kawaida, lakini si kitu cha kumfanyia mtu kwa ajili ya kumridhisha. Kuna damu kuvuja, figo kudhurika na dawa ya picha, na kwa wachache sana kiharusi.

Nikuongezee jambo ambalo limetufundisha adabu wote tunaopenda hizi modeli. Kuna aina nyingine ya hesabu isiyotumia CT. Inatumia picha za angiogramu yenyewe, inaitwa QFR. China waliijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 3,800 na kutoa majibu 2021. Ikilinganishwa na jicho la daktari, hesabu ilishinda: matatizo asilimia 5.8 dhidi ya 8.8 kwa mwaka. Furaha ikawa kubwa, na wako waliosema waya sasa uwekwe makumbusho. Mwaka 2024 Ulaya wakailinganisha hesabu hiyohiyo na waya, wagonjwa karibu 2,000. Safari hii hesabu ilishindwa, asilimia 6.7 dhidi ya 4.2. Mtu akikuambia kompyuta imeshinda, muulize imemshinda nani. Kumshinda jicho si kazi ngumu sana. Kumfikia waya ni kazi. Hesabu ya CT ya baba ni kitu tofauti na QFR, usizichanganye, lakini somo linazihusu zote: ni kipimo cha kupanga nani aende mbele, na mahali penye shaka waya bado ndiye hakimu.

Sasa kuhusu kile ambacho 0.83 haikisemi, na hapa ndipo nina wasiwasi na familia nyingi kuliko kwenye hesabu yenyewe.

Haisemi kwamba baba hana ugonjwa. Anao. Ana mafuta yaliyojijenga kwenye ukuta wa mshipa, na yanaonekana kwenye CT. Shambulio la moyo mara nyingi halitokani na mshipa kubana taratibu mpaka ukafunga. Linatokana na gamba la mafuta kupasuka ghafla, damu ikaganda juu yake, na gamba hilo huenda lilikuwa limebana kidogo tu. Modeli hii inakokotoa presha ya leo. Haitabiri gamba lipi litapasuka kesho. Kinachopunguza hatari hiyo ni dawa: statini ya kushusha lehemu na kutuliza gamba, aspirini ndogo kama daktari ameiandika, presha iwe chini, kisukari kama kipo kidhibitiwe, sigara iachwe kabisa. Wale wanaosema "hakuwekewa chochote, kapewa vidonge tu" wanapindua mambo. Kwa mtu kama mzee, vidonge ndivyo vinavyolinda uhai.

Na hata kama jibu lingekuwa 0.76, bado stenti isingekuwa bima ya maisha. Utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wagonjwa 5,179 wenye ugonjwa wa moyo uliotulia, wengi wao wakiwa na maumivu yanayokuja kwa kazi na kuachia kwa kupumzika kama ya baba yako, ulilinganisha dawa peke yake na dawa pamoja na kuzibua au upasuaji. Vifo na mashambulio ya moyo havikupungua kwa waliozibuliwa. Walichopata ni nafuu ya maumivu, na hasa wale waliokuwa wakibanwa mara kwa mara. (Wenye mshipa mkuu wa kushoto uliobana hawakuingizwa, hao ni habari nyingine.) Kwa hiyo swali la stenti kwa mzee ni swali la nafuu: je, anaweza kupanda ngazi zake? Dawa zikimwezesha, hajapoteza kitu.

Kama kifua kitabana akiwa ameketi au amelala, au kikaendelea kubana zaidi ya dakika chache hata baada ya kupumzika, au kikaenda kwenye taya au mkono, au akatoka jasho la baridi, pigeni simu ya dharura, 999, hapohapo. Usimpekulie barua kutafuta 0.83. Namba ile ilikuwa ya siku ile, kwa mshipa ulivyokuwa siku ile.

Na jambo la aibu ambalo nitalisema kwa sababu hakuna anayelisema. Huenda amepewa dawa ya kupuliza chini ya ulimi kwa ajili ya kifua. Dawa hiyo haichanganyiki na vidonge vya nguvu za kiume. Presha inaweza kuporomoka ghafla hadi mtu akapoteza fahamu au zaidi. Vidonge hivyo vinauzwa kiholela, Leicester na Tanga pia. Wewe kama binti huwezi kumwambia baba hilo. Mwambie kaka azungumze naye, au umwachie daktari.

Umeuliza kwa nini wasitengeneze moyo wake mzima. Wazo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1960 Denis Noble, kijana mtafiti wa London, alichapisha modeli ya kwanza ya umeme wa seli ya moyo. Chuo kizima kilikuwa na kompyuta moja ya kugombania, naye alipewa zamu ya saa nane usiku hadi saa kumi alfajiri. Seli moja tu. Leo Natalia Trayanova na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, wanachukua picha za MRI za moyo wenye kovu, wanajenga moyo wa mgonjwa huyo kwenye kompyuta, kisha wanaushtua kwa umeme wa kidijitali sehemu mbalimbali waone kama mapigo yatavurugika. Mwaka 2016 walionyesha kwa wagonjwa 41 waliowahi kupata shambulio kwamba moyo huo wa kompyuta ulibashiri nani atapata hitilafu hatari ya mapigo, vizuri zaidi kuliko kigezo cha kawaida cha kuangalia moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu. Kigezo hicho, yaani kushuka hadi asilimia 35 au chini, ndicho bado kinatumika kuamua nani awekewe kifaa cha kushtua moyo kifuani, na wengi wanaowekewa hakiji kuwafyatukia hata mara moja. Mwaka 2019 wakaenda mbele: kwa wagonjwa kumi wenye mapigo yasiyo na mpangilio, kompyuta iliwaonyesha madaktari mahali pa kuunguza ndani ya moyo ili mapigo yatulie, kabla hawajaingia chumba cha upasuaji. Atlanta nako, wahandisi wa chuo cha Georgia Tech wamekuwa wakiwajaribia madaktari wa watoto namna mbalimbali za kuunganisha mishipa ya mtoto aliyezaliwa na chumba kimoja cha kusukuma damu, kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kazi hizo nazifuatilia kwa hamu. Lakini angalia zinajibu nini: umeme uliovurugika kwenye kovu, umbo la moyo lisilo la kawaida. Mzee hana maswali hayo, angalau si kwa ulivyoeleza. Tatizo lake ni mrija mmoja na presha iliyomo, na kwa hilo kujenga moyo mzima hakungeongeza ukweli; kungeongeza makisio. Kila sehemu unayoiingiza kwenye modeli inahitaji namba zake, na namba usizoweza kuzipima kwa mgonjwa unazikopa kwa watu wengine.

Kuhusu Tanga. Kama dawa zimeanza kufanya kazi na kifua kimetulia, sioni kwa nini asiende. Asiondoke wiki hiyohiyo aliyobadilishiwa dawa. Muombe GP (daktari wenu wa mtaa) dawa za miezi mitatu na ziada kidogo, zisafiri kwenye mkoba wa mkononi ndani ya maboksi yake. Ombeni hospitali CD ya picha za CT, si barua peke yake, pamoja na ripoti ya rangi niliyoitaja na karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya karibuni. Hospitali ya Bombo, Tanga, watamfanyia ECG na vipimo vya damu akihitaji. Angiogramu na kuzibua ni Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), kilomita 350 hivi kwa barabara, kwa hiyo kifua kikianza kubana kwa kazi ndogo kuliko zamani asisubiri kizidi ndipo apande basi. Daktari wa JKCI akipewa CD na ile 0.83 ataelewa haraka. Akipewa maneno tu kwamba "Uingereza walisema hana shida" ataanza upya, naye atakuwa na haki.

Ikiwa Ramadhani itamkuta huko, aulize kabla ya kuondoka, si akiwa daku ya kwanza. Vidonge vingi vya moyo ni vya mara moja kwa siku na vinahamishika hadi futari bila tabu. Vya kutoa maji mwilini ndivyo vinavyotaka mazungumzo, kwa sababu joto la Tanga na mfungo vikikutana na kidonge hicho, presha hushuka na figo huumia. Na ile dawa ya kupuliza iwe mfukoni mwake, si kwenye kabati la nyumba ya shangazi.